Kujaza risasi za .410 kwa hela ya kubana: hii MEC 600 Jr inalipa au ni mbwembwe?

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo nimeiweka mezani hii mashine ambayo nyie watu wa Dallas na Houston mmenisumbua nayo sana kwenye komenti, MEC 600 Jr Mark V, ya kujazia risasi za shotigani, yaani unachukua ganda lililotumika unalijaza upya mwenyewe, na hii niliyonayo hapa ni ya .410, saizi ndogo ya shotigani. Swali lenu ni moja tu, kwa mtu ambaye hela yake imebana inalipa au ni mbwembwe za wazee wastaafu wenye gereji kubwa? Jibu langu nalitoa sasa hivi ili mwenye haraka aondoke, inalipa, ila kwa .410 na geji 28 tu (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba), ukija kwangu na geji 12 nitakwambia funga pochi yako kanunue za dukani.

Ila subirini kwanza, kuna wanaotazama wako Arusha na wengine Nakuru. Haya mambo ninayoonyesha ni ya huku Marekani, ambako sheria ya shirikisho inamwachia mtu ajaze risasi zake mwenyewe kwa matumizi yake bila leseni. Nyumbani siyo hivyo kabisa, Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna ile Sheria ya Silaha sura ya 114, ukikutwa na baruti chumbani huna kibali hakuna askari atakayekusikiliza eti uliona kwenye video. Na hata huku, kama uko kwa viza ya masomo au ya kutembea, sheria inakukataza kumiliki bunduki na hata risasi yenyewe, kuna misamaha michache kama mtu mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye green card hilo halimhusu. Ukiwa na wasiwasi muone mwanasheria, msinitumie picha za viza inboksi jamani.

Haya, hesabu. Ukienda dukani utakuta kitu cha ajabu, boksi la geji 12 ambalo ndani lina marisau mengi, vile vigololi vidogo vinavyoruka, na baruti nyingi linauzwa rahisi, halafu kaboksi kadogo ka .410 chenye marisau nusu ya hapo kinauzwa karibu mara mbili. Ninakonunua mimi .410 ni kama dola 18 boksi la risasi 25, geji 12 ya kawaida kama dola 10. Sababu siyo malighafi, geji 12 ndiyo inayonunuliwa na kila mtu kwa hiyo viwanda vinaitoa usiku na mchana, hizi ndogo wanaziweka kwenye ratiba mara chache. Sasa wewe unayejaza mwenyewe ratiba ya kiwanda haikuhusu, unalipia kilichomo ndani tu, na kilichomo ndani ya .410 ni kidogo mno.

Angalia hapa. Mfuko wa marisau wa paundi 25 una aunsi 400. Risasi ya .410 ya inchi 2.5 inakula nusu aunsi, kwa hiyo mfuko mmoja unakupa risasi 800. Geji 28 inakula robo tatu ya aunsi, unapata 533. Geji 12 ya aunsi moja na moja ya nane unapata 355 tu mfuko umeisha. Baruti paundi moja ni greni 7000, na .410 inakunywa kama greni 13 au 14 hivi kutegemea na maelekezo, kwa hiyo unazungumzia risasi 500 kwa kopo moja. Nikipiga kwa bei za hapa kwangu, marisau senti 7, baruti senti 8, fataki, kale ka kuwashia baruti, senti 9, kikombe cha plastiki kinachobeba marisau senti 4, ganda la bure, jumla senti 28, boksi zima dola 7. Kutoka 18 mpaka 7. Fanya hiyo hiyo kwa geji 12 utafika dola 9 na ushee, umeokoa hela ya soda, na jioni yako imeenda.

Umeona kwamba fataki ndiyo ghali kuliko vyote? Hiyo haikwepeki, fataki namba 209 ni ile ile kwa geji 12 na kwa .410, haijali udogo. Na ndiyo ilipotea madukani kuanzia 2020, kuna kipindi watu walikuwa na mashine nzuri na baruti imejaa na wamekaa tu. Ukiikuta kwa bei ya kawaida chukua ya kukutosha msimu.

Sasa mashine. Watu wenye bajeti ya kubana wote wanaanzia mahali pamoja, wanasikia kuna Load-All ya Lee, ya plastiki nyingi, bei rahisi kuliko zote, na ni kweli kazi inafanya. Tatizo inatoka kwa geji 12, 16 na 20 peke yake. .410 hakuna, 28 hakuna. Yaani mashine ya bei ya chini ipo kwa saizi ambayo hata haikuokolei hela! Ndio maana mtu wa .410 anaishia kwa MEC, na MEC wanatoka Mayville, Wisconsin, jina lenyewe ni Mayville Engineering Company, ilianza 1945. Hii 600 Jr ni ya hatua moja moja, ganda moja unalisogeza kwa mkono kutoka kituo hadi kituo: unatoa fataki ya zamani na kulibana ganda lirudi saizi yake, unaweka fataki mpya, unamimina baruti, unasukuma kikombe, unamimina marisau, unaanza kukunja mdomo, unamalizia kukunja. Zipo zile kubwa zinazozunguka zenyewe, kila ukivuta mkono wa mashine inatoka risasi, tamu sana, lakini kwa anayeanza mimi sizipendi hata angepewa bure, kwa sababu kitu kikienda vibaya kwenye kituo cha tatu wewe macho yako yako cha tano.

Kiini cha mashine ni hiki kibao kinachoteleza, chaji baa wanaiita. Upande mmoja tundu la marisau, upande mwingine kuna kabushi kadogo ka baruti, yaani kipete chenye tundu, ambako unabadilisha. Ukisukuma kushoto baruti inadondoka, kulia marisau. Kinapima kwa ujazo wala siyo kwa uzito, na hapo ndipo penye maneno yote. Lile jedwali linalokwambia bushi namba fulani inatoa greni fulani lichukulie kama makadirio, unamimina, unapima kwenye mizani, unamimina tena unapima, mpaka uone namba zinatulia. Kwenye geji 12 greni moja kupungua siyo msiba mkubwa, kwenye .410 greni moja ni karibu asilimia 7 ya baruti yote. Kwa hiyo bajeti yako ikibana punguza pengine popote ila mizani nunua nzuri na vile vijiwe vyake vya kuhakikishia.

Na baruti za .410 nyingi ni chembe laini kama chumvi ya mezani, zina tabia ya kupenya kwenye kibao chochote kinachoteleza, meza yako itajaa. Weka mashine yote ndani ya sinia la kuokea, kazi imeisha. Marisau nayo yakiwa makubwa yanakwama kwenye mrija kwa sababu mrija wa .410 ni mwembamba, unadhani yameshuka kumbe yameshikana katikati, halafu yanakuja kumwagika yote kwenye ganda linalofuata. Namba 8 na namba 9 zinashuka vizuri, na kwa skiti, ule mchezo wa kulenga visahani vinavyorushwa, hizo ndizo unazotaka hata hivyo.

Ganda tafuta Remington STS au Winchester AA, yanakunjika vizuri na yanarudiwa mara nyingi mpaka mdomo uanze kupasuka. Klabuni watu wanayaacha chini, lakini omba ruhusa, klabu nyingine zinayauza zenyewe. Kuna wanaotumia ganda la shaba tupu, na wapo wanaotengeneza la .410 kutoka ganda la .303, ndiyo, ile ile ya bunduki za KAR, jeshi la Mwingereza enzi za mkoloni, inavutia sana ila ni safari nyingine kabisa na maelekezo yake ni tofauti.

Maelekezo ndiyo msisitizo wangu. Hodgdon wanayaweka bure mtandaoni, na watengeneza baruti wengine vivyo hivyo, unachagua ganda, unachagua baruti, wanakwambia fataki gani na kikombe gani na greni ngapi. Unafuata vyote vitano kama vilivyo. Mtu anasema aah kikombe hiki kimeisha ngoja niweke kile kinafanana, hapana, presha inabadilika na wewe huna kifaa cha kuiona. Baruti ya geji 12 inaungua haraka, usiiweke kwenye .410 hata kwa majaribio. Maelekezo ya marisau ya ledi usiyatumie kwa marisau ya chuma pia, na nakumbusha tu kwa wawindaji wa bata, marisau ya ledi yamepigwa marufuku kwa ndege wa majini Marekani nzima tangu 1991.

Mezani kopo moja la baruti kwa wakati, lenye lebo yake. Miwani ya macho. Hakuna sigara, hakuna simu, hakuna mpira kwenye TV, nisikilizeni nyie wa Simba na Yanga. Kwa sababu hatari mbaya kuliko zote siyo ile ya kuzidisha, ni ya kusahau baruti kabisa. Fataki peke yake inakisukuma kikombe kinakwama ndani ya mtutu, unasikia kasauti kadogo "puf", unadhani ni risasi mbovu unaweka nyingine, mtutu unapasuka mkononi. Ukisikia puf simama, toa risasi, chungulia mtutu kutokea nyuma. Na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujamshika mtoto, vumbi la ledi siyo mchezo.

Kununua sasa. Mpya ni hela, mimi nakushauri mtumba, hizi zimetengenezwa nyingi sana na wazee wanaziuza wakiacha kulenga. Uliza imesetiwa kwa ganda la inchi 2.5 au inchi 3, uliza kama chaji baa na bushi zipo, vuta mkono usikie kama unakwaruza, angalia vyombo vya plastiki vya juu vinavyoshika baruti na marisau, vikiwa vimegeuka rangi ya kahawia ujue mwenyewe alikuwa anaacha baruti humo miezi, vibadilishe, siyo ghali. Kutu kidogo ya nje usiogope. Usinunue ya geji 20 eti utaibadilisha baadaye iwe .410, inawezekana ila seti ya vifaa vyake na usumbufu wake utatamani ungenunua mashine ya pili.

Na kaka mmoja ameuliza kama anaweza kujaza halafu awauzie wenzake klabuni arudishe hela ya mashine. Hapana, ukianza kuuza umeshakuwa mtengenezaji, hiyo inataka leseni ya shirikisho. Kama mnabanwa wote basi changieni mfuko wa marisau na boksi la fataki, kila mtu ajaze zake. Video ijayo nafungua ya geji 28, wenye maswali ya bushi yaandikeni chini hapo na mtaje na baruti mnayotumia, bila hivyo siwezi kujibu.