Duka la fimbo mlangoni, Kikwajuni, Zanzibar

Adhana ya alasiri ikipigwa, mwenye duka hili huchukua fimbo ya mkwaju, akailaza kwenye misumari miwili kutoka mwimo hadi mwimo, kimo cha goti, akavaa kofia akaenda msikitini. Mlango hafungi. Mgeni akiiona fimbo hugeuka. Sisi wa mtaani tunaivuka, tunapima tunachotaka, pesa tunatia kwenye kopo la maziwa ya unga lililo nyuma ya mizani. Chenji unajitolea mwenyewe. Kama huna kitu, kuna daftari na kalamu iliyofungwa uzi: andika jina, andika ulichochukua.

Nina miaka minne nanunua hapa. Mchele wake wa mapembe ni msafi, hukai saa nzima na ungo unatoa chuya. Boflo la jioni hulikuta bado lina moto. Nazi huitikisa sikioni kabla hajakupa, na ikitoka mbovu anakubadilishia bila maneno. Mizani ni ya mawe, na jiwe la nusu kilo limelika pembeni, basi kila akilitumia huongeza kiganja kimoja cha sukari juu. Kasoro ipo. Sabuni za mche kaziweka rafu moja na unga wa ngano, na mimi nimeshachoma maandazi yakanuka sabuni, siku nina wageni. Nimemwambia mara mbili, bado ziko pale pale.

Lakini kilichonifanya niandike ni ile fimbo.

Mimi kazi yangu ni stoo, hoteli moja huko kaskazini. Kufuli mbili, kamera tatu, na fomu ya kutia saini hata ukitoa vijiko. Kila mwisho wa mwezi nahesabu, na kila mwezi kuna pungufu: taulo, majani ya chai, betri za rimoti. Miaka tisa ya kuhesabu pungufu ilinifikisha pahala nikaamini kabisa kuwa binadamu ni mwizi anayengoja nafasi. Niliamini hivyo hata juu ya watu ninaokula nao sinia moja. Inaumiza kuishi hivyo.

Siku moja nikamuuliza, "Mzee wangu, huogopi?" Akanikumbusha Surat Yusuf, aya ya 53, kuwa nafsi huamrisha sana maovu. Kisha akanikumbusha hadithi ya Mtume kuwa kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile safi. Nikamwambia sasa mbona yanapingana. Akasema, "Hayapingani, mwanangu. Ndiyo nikaweka fimbo. Fimbo haimzuii mtu, lakini lazima ainue mguu. Mtu akiinua mguu anajua anakwenda kufanya nini."

Akanifungulia daftari. Kuna mwandiko wa mtoto wa skuli: "peremende 2 ntaleta kesho", umekatwa kwa mstari, umelipwa. Kurasa chache mbele, mwandiko wake mwenyewe: "mafuta, lita 5", na mbele yake nafasi tupu ya jina. Dumu lile liliondoka Ramadhani iliyopita, halikulipwa mpaka leo. Hakumuuliza mtu, wala nafasi ile hakuifuta.

Nimelifikiria sana dumu lile, kwa sababu linanikataza kusema watu ni malaika. Ila kuna jambo jengine. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa pochi: zaidi ya 17,000, katika miji 355 ya nchi 40, Kenya ikiwemo. Mtu anafika mapokezi ya hoteli, benki au posta, anasema kaiokota njiani, anaiacha, anaondoka. Watafiti wanangoja kuona kama mwenyewe atatafutwa. Watu walioulizwa wakisie walidhani pochi yenye pesa ndiyo itakayoliwa. Ikawa kinyume: zisizo na pesa zilirudi kama 40 kwa 100, zenye pesa 51. Na pochi ikiwa na ufunguo, kitu kisichomfaa aliyeipokea, walirudisha zaidi.

Watu wa mapokezi! Ndio wenzangu hao. Niliposoma nikaona miaka yote tisa nimehesabu vilivyopotea tu, na vilivyorudi sina hata fomu yake. Saa ya mgeni iliyookotwa chini ya kitanda, mkufu uliotolewa kwenye mashuka kule dobi, vyote nilivipokea kwa mikono yangu nikavirudisha, na hakuna niliyemwandika jina.

Nimeandika barua kazini kuomba chai na sukari ya wafanyakazi zitoke kwenye fomu, ziachwe mezani na daftari. Sijajibiwa bado.

Nimemuomba mzee ruhusa ya kuandika haya, akakubali, ila jina la duka nisitaje. Ukiuliza Kikwajuni utaelekezwa. Nenda alasiri, na uchukue pesa ndogo ndogo, maana saa ile kopo huwa limejaa noti za elfu kumi na chenji ni shida.