Feni gani ya kununua hapa Nairobi: nimezipanga kuanzia ya maana hadi ya kuachana nayo

Kila Februari naulizwa ninunue feni gani, na mi huuliza kwanza, unaishi floo ya ngapi? Maanake Nairobi si Mombasa, usiku hapa kunapoa, ukitoka nje saa nne unatafuta sweta, alafu ukirudi ndani ni kama umeingia oveni, hasa kama uko floo ya mwisho, simiti imekunywa jua mchana kutwa na sasa ndio inalitema. Hewa poa iko hapo nje ya bure, shida ni kuiingiza. Na tukubaliane kitu kimoja, feni haipozi nyumba, inapoza mtu, upepo unakausha jasho basi. Ukitoka zima, hakuna haja ya kupulizia makochi na tokeni zako.

Namba moja kwangu ni feni ya stendi ya inchi 16, na sababu ni moja tu: inageuka popote. Jioni kabla ya kulala naielekeza kwa dirisha, inipe mgongo, itoe joto nje, alafu nafungua mlango wa balkoni upande ule mwingine hewa baridi iingie yenyewe. Usiibandike kwa grili, irudishe nyuma hatua moja hivi. Ukidhani nakupiga stori washa ile dawa ya mbu ya moshi hapo kwa mlango uone, moshi unaingia ndani kama umevutwa na kamba. Kama bedsita yako ina dirisha moja na linaangalia ukuta wa ploti ingine, zile za mtaa wa Pipeline mnazijua, fungua mlango wa mbele hata nusu saa, bila njia ya kuingilia hewa feni inazungusha tu joto lako lile lile.

Stima wacha niwapigie hesabu. Feni ya wati 50 ikiwaka masaa 8 ni uniti 0.4, mwezi mzima uniti 12, tukisema uniti ni shilingi 30 hiyo ni 360. Birika ya stima ya wati 2,000 inakula hiyo ya usiku mzima kwa dakika 12. Kuna zenye mota ya DC zinatumia karibu nusu na hazina kelele, ukiwa na pesa ya ziada chukua, lakini kwa watu wa kuwasha miezi mitatu kwa mwaka mi sioni zikirudisha hiyo pesa haraka.

Namba mbili ni ya kuchaji, na kama kwenu stima hupotea potea inaeza kuwa namba moja. Uliza betri. Ile nzito kama jiwe ni ya risasi, yaani madini ya lead, na hiyo ndio ilinitia hasara, niliiweka juu ya kabati Juni baridi ilipoingia, kutoa Januari haishiki chaji hata dakika kumi. Betri ya risasi haitaki kukaa tupu, ichaji hata kama umevaa koti. Ya lithiamu ni afadhali kwa hilo.

Tatu, feni ya dari. Upepo mzuri, haili nafasi, lakini mapanga yawe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni, na kama watoto wanalalia kitanda cha deka sahau kabisa. Alafu ongea na landilodi kabla ya kutoboa slabu yake, deposti ni yako.

Ekzosti ya ukutani, ile feni ya kutoa hewa nje, sijui niiweke wapi, si ya kupoza mtu, lakini kama unapikia pale pale unapolala itakutolea moshi na harufu ya samaki kuliko feni yoyote. Isikudanganye tu uwashe jiko la makaa ndani umefunga madirisha, hapana.

Eakula, ile ya kuweka maji, inafanya kazi hapa Januari na Februari juu hewa ni kavu, ila lazima dirisha liwe wazi, na hapo ndio watu hukosea. Jirani alifunga kila kitu akidhani ni eisi, asubuhi shuka zimelowa na bado anatoka jasho. Mvua ya Aprili ikianza ni ndoo ya bei ghali.

Mwisho kabisa ni ile ndefu kama spika. Inapendeza kwa sebule, rimoti iko, lakini vumbi la Nairobi likiingia ndani huwezi kuifungua uoshe kama ya stendi.

Ukienda Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki hapa tao, usikubali ya kwenye boksi, mwambie aichomeke. Anza na spidi ya chini, ikisitasita kuanza iache. Shika shingo, ikitetemeka mkononi iache pia. Tingisha stendi, angalia stika ya KEBS, lile shirika la viwango, chukua risiti. Na siku ikianza kunguruma bila kuzunguka usiitupe, yangu ilifanya hivyo, fundi akabadilisha kapasita, kidude kidogo kama kiberiti, nikalipa 250 na mpaka leo inazunguka.

Bei nzuri ni Julai, saa hizo muuza duka mwenyewe amevaa kofia ya marvin na hakuna anayemuulizia feni.