Howl ya Ginsberg, buku nane pale Ngamiani, na sijutii hata kidogo

Wapenda mashairi wa Tanga, kuna mzee anatandika vitabu vya mtumba kwenye turubai kule Ngamiani, vingi ni vya shule na riwaya za Kizungu zilizochakaa, jumamosi nikachungulia nikakuta Howl ya Allen Ginsberg, mshairi wa Marekani, ndani yake kuna shairi refu la jina hilohilo na mengine mafupi, kale kakitabu kembamba ka kava nyeusi na nyeupe kanaingia mfuko wa shati. Alianza na elfu kumi, tukaongea, tukamalizana buku nane. Gundi imekauka na kurasa za mwisho zinachomoka ila hakuna iliyopungua, nilihesabu palepale.

Sasa kitabu chenyewe. Mi nimekulia kwenye Shaaban Robert, mtu wa Vibambani hapahapa kwetu, shuleni tukakaririshwa mizani nane kwa nane na vina vya kati na vya mwisho, kwa hiyo siku ya kwanza niliona vurugu tupu. Mstari mmoja unajaza nusu ukurasa, kina hakuna. Nikakiweka. Kumbe kosa nilikuwa nasoma kimoyomoyo. Jumapili jioni nikaenda nacho Raskazone nikakaa kwenye mawe nikasoma kwa sauti na hapo ndo kikafunguka, Ginsberg mwenyewe alieleza kwamba mstari wake ni pumzi moja, unavuta hewa unaenda nayo mpaka iishe, halafu anarudi kwenye neno lilelile la kuanzia, tena na tena, yani takriri, mtu aliyezoea kusikia kasida au dhikri atalishika hili haraka sana. Hata kwao lilianza kusikika kabla halijachapwa, Oktoba 1955 alilisoma San Francisco kwenye ukumbi uliokuwa zamani gereji ya magari, na rafiki yake mwandishi Jack Kerouac yupo pale anampigia kelele aendelee, kama vile sisi tunavyomtia moyo manju.

Kitabu kikatoka 1956, kikitolewa na City Lights, duka la vitabu na wachapishaji wa San Francisco, la Lawrence Ferlinghetti. Mwaka uliofuata forodha wakakamata nakala 520 kwa madai kwamba ni uchafu, kisha askari waliovaa kiraia wakanunua nakala moja dukani na muuzaji, Shigeyoshi Murao, akawekwa ndani. Kitabu chenyewe bei yake senti 75! Oktoba 1957 jaji Clayton Horn akaamua sio uchafu, kina thamani kwa jamii. Huyo Murao nimemfikiria sana kila nikimkumbuka mzee wa Ngamiani na turubai lake.

Lakini iliyonishika ni sehemu ya tatu. Shairi lote amelitoa kwa rafiki yake Carl Solomon, walikutana 1949 wote wakiwa wagonjwa kwenye hospitali ya akili New York, na hapo mwisho anamwambia mara nyingi sana kwamba yuko pamoja naye wodini. Mjomba wangu aliwahi kulazwa wodi kama hiyo, aliporudi watu walimpita barazani bila salamu, hata kahawa yake alikuwa anakunywa peke yake, na mimi nilikuwa mtoto nikafanya kama wenzangu. Nilipofika hapo kwenye kitabu nilisimama kusoma, sauti haikutoka tena. Mama yake Ginsberg, Naomi, naye aliumwa akili miaka mingi akafariki hospitalini 1956, na mwanawe akaja kumwandikia Kaddish, shairi refu la maombolezo lenye jina la sala ya Wayahudi kwa wafu, kitabu chake kilitoka 1961.

Tahadhari: kina matusi na mambo ya chumbani yameandikwa waziwazi, pamoja na mapenzi ya wanaume kwa wanaume, maana yeye hakujificha wakati sheria za kwao zilikuwa zinaadhibu. Usikiache mezani watoto wapo. Kiingereza chake nacho kigumu, sehemu ya pili hasa, ile anayomlaani Moloki, mungu wa kale aliyekuwa anapewa watoto kafara, na yeye amemfanya ndo majengo na mitambo na hela za Marekani. Niliisoma mara nne. Kama umechoka anza na mashairi mafupi yaliyo mwishoni mwa kitabu, lile la sokoni California ni jepesi na zuri mno.

Kitabu nakipa nyota tano, meza ya mzee nne kwa sababu mvua ikinyesha hana pa kuvificha na vingine vimeshaota ukungu. Nimemwachia buku mbili za kianzio, akiipata Kaddish aniwekee.