Nilikodi baiskeli Jinja: siku moja kando ya Nile na mwanangu

Mimi ni mtoto wa kambi ya askari, nimekulia Jinja, Uganda, ndiyo maana Kiswahili ni lugha yangu ya nyumbani. Lakini sikuwahi kuzunguka ukingo wa mto kwa baiskeli mpaka Jumapili iliyopita, nilipokodi mbili, yangu na ya mwanangu wa miaka 11. Shilingi 25,000 kila moja kwa siku nzima, na kitambulisho nikakiacha kaunta.

Yangu ilikuwa ya gia, tairi pana, kiti kizuri. Ya mtoto breki ya nyuma ilikuwa imelegea. Niliibana huku nikiisukuma, gurudumu likaendelea kuzunguka. Kijana wa pale aliikaza kwa spana bila ubishi, ila kazi hiyo ilipaswa kufanyika kabla ya mteja kufika.

Mjini hadi barabara ya Nile Crescent ni raha tupu. Barabara za Jinja ni pana na zimenyooka, na asubuhi ya Jumapili magari ni machache, hivyo mtoto aliendesha mbele yangu bila mimi kushika roho. Kwenye mteremko ndipo tulipopatikana. Kuna mtaro uliofunikwa kwa vyuma vilivyolala kufuata barabara, na nafasi kati ya chuma na chuma inatosha kabisa kumeza tairi jembamba. Yangu ilipita. Ya mwanangu ilizama, akaruka juu ya usukani, goti likachubuka na tyubu ikatoboka.

Fundi alikuwa chini ya mwembe, si mbali. Akaitoa tyubu, akaizamisha kwenye beseni la maji mpaka mapovu yakaonyesha tundu, akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akapuliza, akabandika kiraka. Shilingi 2,000. "Nyabo (yaani mama), wengi huniletea pancha kutoka palepale," aliniambia. "Wangevigeuza tu vile vyuma vikae kukingama barabara." Mashine ya kuchomelea na nusu siku ya kazi, basi.

Kilichoniuma zaidi ya goti la mtoto ni kwamba mto uko pale pale na huuoni. Ukuta, geti, seng'enge, ukuta tena. Mara tatu tulifuata kinjia kinachoshuka majini, na mara tatu kikaishia kwenye geti la mtu. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinasema mita 100 kutoka ukingo wa Nile ni eneo la hifadhi, na kwa Ziwa Victoria ni mita 200. Katika mita hizo mimi naomba 3 tu, za udongo ulioshindiliwa vizuri, zisizokatika, zenye miti upande wa jua. Mita 3 zinatosha baiskeli mbili kupishana na mama aliyembeba mtoto mgongoni.

Mwishowe tulilipa kuingia bustani moja ili tuyaone maji. Hapakuwa na chuma cha kufungia baiskeli, nikawa nageuka nyuma kila dakika. Mwanangu aliuliza maporomoko ya Ripon yako wapi, yale ambayo Speke, mvumbuzi Mwingereza, aliyaona mwaka 1862. Nikamweleza kwamba yalimezwa na maji bwawa la Owen Falls lilipojengwa, likazinduliwa 1954. Alikaa akiangalia mto muda mrefu.

Jioni tulipita Masese, ziwani. Kina mama wenye mabeseni ya mukene, yaani dagaa, kichwani, bodaboda, sisi, wote tumebanana kwenye ukingo mmoja wa lami. Hapa njia ya miguu inahitajika kuliko hata kule kwenye mahoteli, maana hawa wanapita kila siku wakiwa na mzigo. Na isijengwe chini sana. Mei 2020 maji ya ziwa yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964, na watu wa mialoni walihama. Njia itakayowekwa chini ya alama hiyo ipo siku itazama.

Daraja jipya la mto Nile hatukulivuka. Malori ya Mombasa na Kampala yanapita hapo, na sikuwa tayari kwa hilo nikiwa na mtoto.

Baiskeli tulirudisha saa kumi na moja, wakapokea bila maneno na gharama ya kiraka wakanirudishia. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ukienda, toka saa moja asubuhi kabla jua halijakaza, jaribu breki zote mbili mbele yao, na kwenye ule mteremko shuka usukume.