LibreOffice Calc na skripti zako mwenyewe: uzoefu wangu kwenye malipo ya korosho

Naitumia Calc, programu ya lahajedwali ya LibreOffice, kuandaa orodha za malipo ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) huku Tandahimba, Mtwara. Ni ya bure, haihitaji intaneti, na inakubali uiongezee skripti zako, yaani maagizo unayoyaandika ili kazi ijiendeshe yenyewe. Hilo la mwisho ndilo kubwa, kwa sababu mkulima mmoja ana mizigo kadhaa, daraja la kwanza na la pili, minada yenye bei tofauti, halafu yanafuata makato ya ushuru wa halmashauri, usafirishaji na chama. Skripti fupi ya Basic, lugha ya programu iliyomo ndani ya LibreOffice, inayapanga yote.

Ukishasakinisha LibreOffice, usalama wa makro (skripti zinazokaa ndani ya faili) uko High, yaani juu, kwa hiyo skripti isiyo na saini ya kidijitali inazuiwa. Wengi hukimbilia kuushusha hadi Low. Tafadhali usifanye hivyo. Flashi zinazozunguka ofisi hadi ofisi hubeba virusi. Fungua Tools, Options, Security, Macro Security, kisha kwenye Trusted Sources ongeza folda moja tu ya malipo.

Hifadhi faili kama .ods, muundo wa Calc yenyewe. Benki wakitaka Excel, toa nakala ya .xlsx pembeni, maana makro ya Basic haibaki humo.

Kinachosumbua zaidi ni namba. Katika Basic, Integer, aina ya namba nzima ndogo, inaishia 32,767. Kilo 400 kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 ni 1,200,000, na skripti inasimama hapohapo kwa ujumbe wa Overflow, yaani namba imezidi nafasi yake. Fedha na kilo zitangaze kama Double (namba kubwa zenye desimali), kihesabio cha mistari kiwe Long (namba nzima kubwa). Namba za akaunti zinazoanza na sifuri nazo huipoteza zikiingia kama namba. Kolamu yake ipangie muundo wa Text kabla ya kuandika chochote, kwani sifuri iliyokwisha kupotea hairudi kwa kubadili muundo.

Halafu kuna getCellByPosition, amri ya kuifikia seli kwa nafasi yake: inahesabu kuanzia 0, kolamu ikitangulia mstari. Seli C5 ni (2, 4). Ukigeuza unaangukia E3, wala huoni ujumbe wa kosa. Malipo ya mtu yanakaa mahali pasipo pake. Linganisha jumla ya kilo na hati za ghala kabla ya kuchapisha.

Orodha ya maelfu ya wakulima ukiisoma seli mojamoja itakuchelewesha. Chukua eneo lote kwa mpigo kwa amri ya getDataArray, piga hesabu, rudisha kwa setDataArray. Eneo la kurudishia lilingane kabisa kwa mistari na kolamu, la sivyo inakataa.

Viwango vya makato usivifiche ndani ya skripti. Vipe karatasi yao, kila kato na mstari wake, skripti ivisome humo. Msimu mpya karani anabadili namba bila kugusa msimbo, na karatasi ileile inabandikwa ubaoni ili kila mkulima aone alichokatwa. Hapa ndipo ninapoipa Calc alama za juu.

Kinasa makro, kinachorekodi unachobofya na kukigeuza skripti, sikipendekezi. Kimezimwa mpaka ukiwashe kwenye Advanced ndani ya Options, na kinanasa anwani zilezile ulizobofya, hivyo orodha ikirefuka hakifai. Python, lugha nyingine ya programu, inakubalika, ila kihariri chake hakimo: unaandika kwenye programu nyingine, kisha unaweka faili katika folda ya Scripts/python ya mtumiaji. Kwa karani anayeanza, Basic inatosha.