OpenWrt nyumbani kwangu: ruta ileile, mtandao mwingine

Naanza na hukumu, maelezo yafuate: OpenWrt ndiyo programu bora kuliko zote nilizowahi kukuta ndani ya ruta. Wengi huisifia kwa wingi wa mambo inayoweza kufanya. Mimi naisifia kwa jambo moja tu, kwamba sauti ya mkutano haikatiki tena mtu mwingine wa nyumbani anapopakia faili kubwa. Kasi tunayolipia haijaongezeka. Ruta haijabadilika, wala haijasogezwa kutoka kwenye rafu yake.

Kwa asiyeifahamu, OpenWrt ni mfumo endeshi wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya ruta. Unaondoa programu iliyokuja na ruta kutoka kiwandani na kuweka hii mahali pake. Mradi huu ulitokana na Linksys WRT54G, ruta iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2002. Wapenzi wa Linux waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, na leseni yake ya programu huria, GPL, inataka msimbo wa namna hiyo uwekwe wazi. Ukatolewa 2003, na mwaka uliofuata OpenWrt ikaanza. Mpaka leo ni ya bure, inaendelezwa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea, na inaendelea kuziba mianya ya usalama kwenye ruta ambazo watengenezaji wake walishaziacha zamani. Toleo ninalotumia ni 24.10, lililotoka Februari 2025.

Kazi yangu ni ukalimani, na siku hizi mikutano mingi naifanyia nyumbani kwa simu ya video. Katika kazi hii maneno matatu yakimezwa, sentensi nzima imepotea, na huwezi kumwomba msemaji arudie huku watu wengine wote wakiwa wamemsikia vizuri. Jioni, simu ya binti yangu hupandisha picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Dakika ileile sauti kwangu ilikuwa ikianza kukatikakatika, kisha maneno yanakuja kwa mkupuo. Mtoa huduma wetu alinishauri nihamie kifurushi cha kasi kubwa zaidi. Lakini kila nikipima kasi, naipata kama ilivyoahidiwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba tatizo si kasi.

Kabla ya kugusa ruta, tafuta kwanza ugonjwa uko wapi. Nasisitiza hili kwa sababu naona watu wengi wakinunua vifaa vipya kutibu kitu ambacho hawajakipima. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, ili waifai isikuchanganye. Tazama anwani ya IP ambayo kompyuta imepewa. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa jibu la ruta, kwa hiyo tatizo liko hapohapo ndani, kwenye waya, kwenye tundu au kwenye mipangilio ya kugawa anwani. Tazama pia kasi ya kiungo cha waya. Waya wa mtandao una nyuzi nane, yaani jozi nne, na kasi ya gigabiti 1 inazihitaji zote nne, ilhali megabiti 100 inatosheka na mbili. Ukiona kiungo kimegota kwenye 100 na vifaa vyote viwili vinamudu 1000, badilisha waya kwanza. Mara nyingi uzi mmoja umekatika kwenye kichwa cha waya.

Sasa fungua dirisha la amri na uache ping, amri inayopima muda wa jibu kurudi, ikiita ruta yenyewe. Kwa waya, jibu linapaswa kurudi chini ya milisekunde 1. Fungua dirisha la pili uite anwani ya nje, kwa mfano 1.1.1.1. Halafu anza kupakia faili kubwa na utazame madirisha yote mawili. Kwangu ruta iliendelea kujibu bila kusita, lakini jibu la nje lilipanda kutoka milisekunde 20 hadi zaidi ya 800. Hapo nikajua pa kushika: pakiti zangu, yaani vipande vidogo ambamo data husafiri, zilikuwa zikikwama zinapotoka nyumbani, kabla hazijaanza safari.

Sababu yake inaeleweka ukipiga hesabu. Kifaa kinachotuma data nje kina kumbukumbu ya kusubirishia pakiti. Njia yetu ya kupakia ni megabiti 10 kwa sekunde. Kumbukumbu hiyo ikiwa na megabaiti 1 iliyojaa, hizo ni megabiti 8, na zinahitaji sekunde 0.8 kumalizika kutoka. Simu inayopakia picha haipunguzi mwendo mpaka ione pakiti zimepotea, na kumbukumbu kubwa inachelewesha upotevu huo, kwa hiyo foleni inabaki imejaa muda wote. Pakiti yangu ndogo ya sauti inasimama nyuma kabisa, kama mtu mwenye barua moja mkononi aliyepangwa nyuma ya mwenye lori la mizigo. Kifurushi kikubwa zaidi kingefupisha foleni kiasi. Ustaarabu wa foleni kisingeuleta.

Dawa imekuwepo kwa muda mrefu, na inanisikitisha kwamba ruta nyingi bado zinauzwa bila hiyo. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha kanuni iitwayo CoDel, ambayo haijali foleni ina pakiti ngapi. Inachopima ni muda ambao kila pakiti imesubiri, na kusubiri kukiendelea kuzidi kiwango cha milisekunde chache, inaanza kudondosha pakiti ili watumaji wapunguze mwendo. Ikafuata FQ-CoDel, inayotenga kila mtiririko wa data kwenye foleni yake. Kisha ikaja CAKE, iliyoingia kwenye Linux 4.19 mwaka 2018, ambayo juu ya hayo inadhibiti kasi na kugawa njia kwa haki kati ya kifaa na kifaa. Dave Täht, aliyefariki 2025, alitumia miaka mingi akiwahimiza watengenezaji na watoa huduma walichukulie tatizo hili kwa uzito. Kila mkutano wangu unapoisha salama, namshukuru moyoni.

Kwenye OpenWrt unaipata CAKE kwa kuongeza kifurushi cha programu kiitwacho luci-app-sqm (SQM ni usimamizi huu wa foleni). Ukurasa wake mpya unatokea kwenye menyu ya mtandao. Unachagua mlango unaotoka nje, unaandika kasi ya kupakua na ya kupakia, unachagua cake na hati ya piece_of_cake, basi. Siri iko kwenye zile kasi mbili. Usiandike zile za kwenye mkataba. Pima kwa waya, saa ambayo watu wengi wako mtandaoni, halafu andika kama asilimia 90 ya ulichopata. Unajinyima kidogo makusudi ili foleni ijengeke ndani ya ruta yako, inakoweza kusimamiwa, badala ya kwenye modemu isiyosikia amri yako. Njia yetu hupima 50 na 10, nami nimeandika 45 na 9. Tangu hapo ping ya nje wakati wa kupakia haivuki milisekunde 30. Binti yangu anapandisha video zake, mimi naendelea na mkutano, na hakuna anayemwomba mwenzake asubiri.

Kuna nyongeza mbili ndogo ambazo watu huziruka. Kwenye mipangilio ya ndani zaidi ongeza maneno nat dual-srchost upande wa kupakia, na nat dual-dsthost upande wa kupakua. Bila hayo, mgawanyo hautazami vizuri vifaa vya ndani, na kompyuta iliyofungua miunganisho mingi inaweza kujipatia zaidi ya haki yake. Pili, zima ule uharakishaji wa pakiti kwa maunzi kama uliuwasha, kwa sababu unazipitisha pakiti pembeni ya CAKE. Ujue pia kwamba kazi hii inakula nguvu ya prosesa. Ruta kongwe zinaimudu vizuri kwenye njia ya makumi ya megabiti, lakini kwenye njia ya mamia zinaelemewa na kuanza kupunguza kasi zenyewe. Na kama intaneti yako inatoka kwenye mnara wa simu, kasi hupanda na kushuka kila saa, hivyo namba moja isiyobadilika haitakutosha.

Kuweka OpenWrt kwenyewe si kazi ndefu, ila kunataka macho. Tafuta ruta yako kwenye orodha ya vifaa katika tovuti ya mradi, na usiishie kwenye jina. Soma namba ya toleo kwenye kibandiko cha chini, kwa sababu jina moja linaweza kubeba chipu tofauti kati ya v1 na v3, na faili ya moja ikaiua nyingine. Ruta yenye hifadhi ya megabaiti 8 na RAM ya 64 mradi hauishauri tena. Faili yenye neno factory ndiyo ya kutokea kwenye programu ya kiwandani, na yenye sysupgrade ni ya kupandishia toleo ukishakuwa ndani. Linganisha alama yake ya sha256 na iliyo kwenye tovuti ya mradi, ujue faili haijaharibika, unganisha kwa waya, na usiguse umeme mpaka imalize.

Ikishawaka, kwa kawaida waifai haipo. Haijaharibika. Kwenye vifaa vingi OpenWrt huiacha imezimwa ili usirushe mtandao usio na nenosiri. Unaingia kwa waya kupitia 192.168.1.1, jina root, bila nenosiri, na jambo la kwanza ni kuliweka. Kama modemu ya mtoa huduma nayo inatumia 192.168.1.1, hutatoka nje kabisa, na wengi hukata tamaa hapa wakidhani wameiua ruta. Badilisha anwani ya ndani ya OpenWrt iwe, kwa mfano, 192.168.2.1, na intaneti itapita. Bora zaidi, kama modemu inaruhusu, iwekwe ipitishe data tu bila kuwa ruta ya pili, ili tafsiri ya anwani (NAT, inayovitoa vifaa vya ndani nje kwa anwani moja) ifanyike mahali pamoja.

Upande wa waifai sina mengi. Weka nchi yako, maana ndiyo inayoamua masafa na nguvu unayoruhusiwa. Kwenye 2.4 GHz baki na upana wa MHz 20 na chaneli 1, 6 au 11. Kwenye 5 GHz, ukichagua chaneli zinazotumiwa pia na rada, ruta itakaa kimya angalau dakika nzima ikisikiliza kabla ya kurusha. Vumilia. Printa yetu ilikataa kuunganishwa nilipoweka mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, aina mbili za ulinzi wa waifai, kwa hiyo niliitengenezea jina lake la waifai kwenye 2.4 GHz, WPA2 pekee. Haijasumbua tena.

Kasoro zipo, na moja ni kubwa. Kurasa za mipangilio zimeandikwa na mafundi kwa ajili ya mafundi. Mtu anayetaka tu kubadilisha nenosiri la waifai anakutana na vichupo vingi na maneno asiyowahi kuyasikia, na hakuna programu rasmi ya simu ya kumshika mkono. Mume wangu anaweza kufanya karibu chochote kwenye kompyuta yake, lakini ukurasa huu aliufunga baada ya dakika moja, na simlaumu. Mradi wenye watu wenye uwezo kiasi hiki ungeweza kuwa na ukurasa mmoja wa mwanzo unaouliza maswali matano ya lazima. Kasoro nyingine ni kwamba vifurushi ulivyoongeza, kama ule wa SQM, hupotea ukipandisha toleo kwa faili ya kawaida, ingawa mipangilio inabaki. Kuna huduma ya mradi inayokujengea faili yenye vifurushi vyako ndani, na toleo la 24.10 limeirahisisha. Itumie, na kabla ya hapo pakua nakala ya mipangilio yako uiweke kwenye kompyuta.

Je, ninaipendekeza kwa kila mtu? Hapana. Kama ping yako haipandi wakati wa kupakia, basi foleni yako haina ugonjwa na hii haitakupa unachotafuta. Kama hakuna mtu nyumbani aliye tayari kusoma maelekezo na kurudi kupandisha toleo marekebisho ya usalama yanapotoka, tafuta ruta ambayo tayari ina SQM au CAKE kutoka kiwandani. Zipo. Lakini kama unafanya kazi ya sauti au video ukiwa nyumbani pamoja na wengine, na ruta yako iko kwenye ile orodha, anza nayo hiyohiyo kabla ya kununua chochote.

Anayelazimika kununua aepuke zenye chipu za waifai za Broadcom, kwa kuwa nyingi hazina madereva huria ya kutegemewa, atazame zenye chipu za MediaTek Filogic. Mradi wenyewe ulitoa ruta yake, OpenWrt One, mwishoni mwa 2024, yenye RAM ya gigabaiti 1 na tundu la gigabiti 2.5. Kwa vifaa vya ndani ina tundu moja tu la waya, kwa hiyo mwenye kompyuta ya mezani, televisheni na printa za waya atahitaji kuongeza swichi.