Cities: Skylines, nimewanywesha watu wangu majitaka

Hii gemu ni ya 2015 ila mimi ndo nimeianza juzi na usingizi umeishia hapo. Wameitengeneza Colossal Order wa Finland, unapewa ardhi tupu na hela kidogo, unachora barabara, unavuta umeme na maji, watu wanahamia. Mji wa kwanza nikaweka pampu ya maji mbele ya bomba la majitaka, mto huohuo, sikuangalia mkondo unaelekea wapi, kidogo tu kila nyumba ina alama ya mgonjwa, ambulensi zimekwama kwenye foleni na mkopo wa benki bado unanikata. Saa nane usiku nacheka peke yangu.

Foleni ndo gemu yenyewe aisee. Malori yote yanang'ang'ania leni moja na zingine nyeupe kabisa, ukijenga kipilefti pale panapotakiwa ndo unapumua. Kodi inaanza 9%, ukiipandisha sana watu wanaanza kununa.

Ila kama unataka kuendesha duka lako mwenyewe na kupanga bei ya kila kitu, hapa hupati. Na nyongeza za kulipia ni nyingi mno, subiri ofa. Laptop yangu feni inalia kama mashine ya kusaga.